Kura Ndiyo Kipimo cha Neno

Askari wa zamu hapimwi kwa saluti aliyoipiga jioni alipokabidhiwa lindo. Hupimwa kwa yale yaliyoandikwa katika daftari la matukio kulipopambazuka. Mbunge naye ana daftari lake, nalo ni kumbukumbu rasmi za Bunge, ambamo kura zinazopigwa kwa majina huhifadhiwa.

Twatoa mfano wa nchi ya mbali, Australia. Mnamo Agosti 2017 meli Awassi Express iling'oa nanga Fremantle ikielekea Ghuba, imesheheni kondoo zaidi ya 60,000. Kondoo wapatao 2,400 walikufa kwa joto wakiwa njiani. Aprili 2018 picha za mateso hayo zilionyeshwa katika televisheni, na wananchi wa nchi ile wakaghadhibika.

Mwezi uliofuata, Bibi Sussan Ley, mbunge wa chama tawala wa wakati huo, aliwasilisha muswada binafsi wa kuikomesha biashara hiyo katika muda wa miaka mitano. Alikuwa mbunge wa kawaida, naye alisema kinyume cha msimamo wa serikali ya chama chake. Hilo lilihitaji ushujaa, nasi twalikiri. Lakini Agosti 2018 aliteuliwa kuwa waziri msaidizi. Septemba, ilipopigwa kura ya kuamua kama jambo hilo lijadiliwe katika Baraza la Wawakilishi, yeye alipiga kura pamoja na serikali kuuzuia mjadala.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kuwa waziri hufungwa na uwajibikaji wa pamoja. Ni kweli, na ninyi mliokula kiapo mwaielewa nidhamu kuliko watu wengi. Hata hivyo, iko tofauti kubwa. Askari aliyepewa amri halali hawezi kuiweka bunduki chini na kurudi kwake. Waziri aweza kujiuzulu akarudi kwenye viti vya nyuma, na dhamiri yake ikabaki salama. Nidhamu yaweza kuieleza kura ile, lakini haiwezi kuifuta.

Gharama ya kura hiyo yahesabika. Kama muswada wa 2018 ungalipita, biashara ile ingalikoma yapata mwaka 2023. Sheria ilipitishwa mwaka 2024 chini ya serikali ya chama cha Labor, ikiweka kikomo kuwa tarehe 1 Mei 2028. Chama cha Bibi Ley, ambacho yeye alikuwa naibu kiongozi wake, kiliipinga.

Wafugaji wa Australia Magharibi nao wana hoja: mifugo ndiyo riziki yao. Kwetu pia riziki hiyo si ngeni, kwani mbuzi na kondoo wa Pembe ya Afrika husafirishwa wakiwa hai kutoka Berbera kwenda Saudi Arabia. Mbunge aliyeshawishiwa na hoja za wafugaji ana haki ya kubadili msimamo. Anachodaiwa ni kusimama mbele ya waliomwamini na kuwaeleza sababu.

Kwa hiyo, ndugu wapiganaji na polisi, msikiapo hotuba tamu ya kiongozi yeyote, subirini kura yake. Na jina lako wewe liandikwapo katika daftari la zamu, hakikisha kwamba linaafikiana na kiapo chako.