Safu ya Bustani: Mpopi wa Buluu na Akili za Mgomba

Toleo lililopita niliandika kuhusu sukumawiki kwenye ndoo. Safari hii ni ua lisiloliwa, na mwalimu mmoja ameshaniuliza kwani nimeshiba.

Ni mpopi wa buluu wa Himalaya. Wengi wetu tukisikia mpopi tunawaza lile ua jekundu la karatasi linalobandikwa kotini hapa Uingereza kila Novemba. Huu ni wa jenasi nyingine, Meconopsis, na rangi yake ni samawati kweli, si zambarau inayojidai. Frank Kingdon-Ward alikusanya mbegu zake Tibet mwaka 1924. Hali ya hewa ya Scotland, hii tunayoilalamikia kila siku, mpopi unaipenda: kiangazi kisicho na joto, manyunyu, hewa yenye unyevu. Pita Royal Botanic Garden hapa Edinburgh mwanzoni mwa Juni ujionee. Kusini mwa England, penye joto na ukavu, wakulima wanahangaika nao.

Mbegu ziwe mpya. Zilizokaa muda mrefu hazioti vizuri. Zangu nilizisia Januari mwaka jana juu ya udongo bila kuzifukia, maana zinataka mwanga, nikaweka chungu chumba kisicho na hita. Miche inataka kivuli, hasa mchana, na udongo wenye tindikali kidogo, uliojaa majani yaliyooza, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Maji yakituama wakati wa baridi mmea unaoza chini kwa chini. Majani yakinyauka Novemba usiung'oe, umelala tu.

Sasa ugumu wenyewe. Mwezi huu wa Mei mche wangu mmoja umetoa tumba. Vitabu vinasema mche mchanga wenye shina moja ukiachwa uchanue unaweza kumaliza nguvu zote na kufa. Ukikata tumba, unachipua pembeni na kuishi miaka. Nilimpigia bibi yangu Bukoba, nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka. "Mjukuu wangu, huo si mgomba tu? Mgomba unazaa mara moja, lakini unaacha watoto. Huo wako una watoto?"

Hauna hata mmoja.

Wenzangu wa nyumbani wanasema niuache, kwa hoja nzito: mkataba wetu wa kupanga unaisha Juni, na ninakohamia ni ghorofa ya tatu. Nikikata, ua hilo sitaliona. Wengine wananiambia ni ua tu, litapigwa picha, basi.

Nimelikata Jumapili. Mche uko kwenye chungu kikubwa, pamoja na mingine minne isiyotoa tumba. Mwanachama mwenye uwanja wenye kivuli, hasa upande wa kaskazini wa nyumba, aniambie kwenye mkutano wa Alhamisi. Asiwe mtu wa kusahau kumwagilia Julai.