Chema Hakijiuzi

Aghalabu watu wenye akili timamu, wasikiapo kwamba jumba fulani la makumbusho limewaalika wachoraji na wachongaji wazungumze na umma juu ya sanaa, hutanguliza methali ya kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, wakikusudia kusema kuwa kazi iliyokamilika haina haja ya msemaji, na kwamba fundi anayenena amekimbiwa na ufundi wake. Imani hii ina sura ya hekima, na ndiyo sababu imedumu. Lakini kila niipimapo naiona kuwa ni uvivu uliojivika joho la adabu.

Mwaka 2015 jumba la Metropolitan la New York lilianza kuwaita wasanii walio hai, ambao kufikia mwaka uliofuata walikuwa wametimia 120, ili kila mmoja achague katika hazina za jumba hilo kile kilichomgusa na kukielezea kwa dakika chache. Hawakuitwa kusifu kazi zao. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alimchagua Egon Schiele, mchoraji wa Vienna aliyefariki mwaka 1918. Kerry James Marshall, ambaye umri wake mzima amechora watu weusi, alisimama mbele ya mwanamke wa kijivujivu aliyechorwa na Ingres. Nauliza: kati ya hawa, nani aliyekuwa akijitembeza?

Nick Cave yeye alizichagua nguo za Wakuba wa Kasai, katika Kongo, na hapo ndipo methali yetu inapoumbuka. Nguo hizo wanaume huzifuma kwa nyuzi za majani ya mwale, kisha wanawake huzidarizi na kuzikata vinyweleo mpaka zikafanana na mahameli. Zilivaliwa ngomani, na maiti walizikwa nazo. Leo kipande kimewambwa ukutani, hakina kiuno cha kukizungusha wala msiba wa kukilaza, na kikaratasi kilichobandikwa kando yake kinataja kabila, nyuzi na karne. Chema kilichonyang'anywa ngoma yake kitajiuzaje? Cave ni mtu aliyejifunza kucheza na anayeshona mavazi yanayolia mchezaji anapotikisika. Huyo akikitazama kipande kile, mkono wake unaijua sindano na mwili wake unaujua uzito wa vazi, maarifa ambayo mwanachuoni, pamoja na taadhima yote anayostahili, hakuyasomea.

Sikatai kwamba wako wasanii ambao ulimi wao ni mrefu kuliko brashi, na nimekwisha kuwasikiliza wengi kwa subira nisiyokuwa nayo. Walakini upuuzi wa wasemaji wabaya si hoja ya kuwanyamazisha wote, kama vile mashairi mabovu, ambayo Mola ametujaalia tele, hayajawa hoja ya kuufuta ushairi.

Nasi watu wa pwani ndio wa mwisho kustahili kuishika imani hii. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikuwa na mafumbo yaliyofungamana na vita, fitina na majina ya siku zake, na alipokwisha kufa hazikujiuza kwa mtu. Mwalimu Sikujua, mshairi naye, ndiye aliyezikusanya na kumfafanulia Mwingereza Taylor, na lau asingalinena, sehemu kubwa ya tungo zile ingalibaki giza kwetu sisi wenyewe, sembuse kwa wageni.

Basi wakuu wa makumbusho zetu, ambao huweka kinyago cha ngoma ya mapiko ya Kimakonde ndani ya kioo na kudhani kuwa amana imetimizwa, wamwite mchongaji wa Kimakonde aliye hai asimame mbele yake, aeleze patasi iliingilia wapi na mti ulikataa wapi, na wageni wamuulize wapendalo. Na wamlipe, maana mwanachuoni akiitwa kuhutubu hulipwa.