Mawe ya Athens na Ngoma ya Tana

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, chumba cha 18, nimewaona wapanda farasi wa Parthenon. Sisi tuliolelewa chuoni hatuna haja na masanamu, lakini mkono uliochora mishipa ya farasi juu ya jiwe, nao wastahili sifa yake.

Taabu ni jinsi mawe yalivyofika pale. Tangu 1801 watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza, waliyang'oa kwa kile alichokiita ruhusa ya Waturuki, watawala wa Ugiriki wakati huo. Mwaka 1816 serikali yake ikayanunua kwa pauni 35,000. Waraka wenyewe wa ruhusa haujaonekana. Iliyopo ni tafsiri ya Kitaliani.

Wako wasemao: Waturuki walikuwa Waislamu, na ndani ya Parthenon mlikuwamo msikiti mdogo, basi Wagiriki wadai nini? Mimi siikubali hoja hiyo. Fikihi yatufunza kwamba mali iliyoghusubiwa haiwi halali kwa kuuzwa, awe mghusubu ni nani.

Waingereza hujikinga kwa sheria ya 1963, iwazuiayo wadhamini wa jumba kutoa vitu vyake ila kwa nadra. Ati sheria! Bunge lililoitunga si laweza kuigeuza? Vatican ilivirudisha vipande vyake vitatu Athens mwaka 2023.

Nasi yatugusa. Jumba hilo hilo linayo ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyotwaliwa zama za ukoloni. Wapokomo wakiidai, huambiwa sheria ile ile. Nayo hata ukumbini haimo, imewekwa ghalani.