Gochujang si tomato yenye pilipili
Mwandishi, asante kwa maelezo, ila hapo uliposema gochujang mtu anaweza kuibadilisha kwa tomato sosi na pilipili ya chupa, sikubaliani nawe kabisa. Ile ni rojo ya Kikorea ya pilipili nyekundu, mchele wa kunata, soya iliyochachushwa na chumvi, na huachwa miezi mingi ichache. Utamu wake mzito unatoka humo, tomato haiutoi. Mimi nyama ya kusaga naikaanga kwa moto mkali hadi maji yakauke na ianze kushika rangi, natia kitunguu saumu na tangawizi, ndipo gochujang, sosi ya soya na sukari kidogo. Gochujang ukiitia mapema inaungua na kuwa chungu, kwa sababu ya sukari iliyomo. Mafuta ya ufuta nayamwagia nikishaepua, harufu isipotee.

Na ndugu uliyeuliza kuhusu basmati: inalika vizuri tu, ila Wakorea hutumia mchele wa punje fupi unaoshikana, na ndio unaobeba mchuzi. Halafu jamani, onjeni kwanza kabla ya kuongeza chumvi, gochujang na soya zote zina chumvi tayari.