Kabla ya Dua ya Gari, Tufungue Buti

 

Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twaomba idhini tuzungumzie jambo lisilo la kawaida katika safu hii: vyombo vinavyopasa kuwamo ndani ya gari la kijana aliyenunua gari la mbio. Twajua kuwa wengi mnaotusoma ni akina mama, na huenda mkasema hayo ni mambo ya wanaume na mafundi. Tuvumilieni, kwani aliyetufanya tuandike ni mama kama nyinyi.

Ni mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Nairobi, akaaye Eastlands, upande wa Buruburu. Kila alfajiri hupika mahamri na mbaazi, na kwa biashara hiyo amelea watoto wanne. Mwaka jana mwanawe wa kwanza alinunua Subaru Impreza yenye turbo, iliyotumika Japani. Mama akatualika tukaliombee dua. Tulikwenda, tukasoma, tukala pilau, tukapigwa picha mbele ya gari. Kwenye kioo cha ndani palitundikwa tasbihi, na buti ilijaa spika. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza jeki iko wapi.

Miezi michache baadaye, usiku, gari lilipata pancha katika Eastern Bypass. Jeki haikuwamo, iliondolewa ili kupisha spika. Kijana akavunja matawi ya miti, akayatandaza barabarani kama wafanyavyo wengi, na rafikiye akasimama nyuma ya gari akipunga mwanga wa simu. Ikaja pikipiki kwa kasi, na mwendeshaji hakuyaona matawi mpaka alipokuwa juu yake. Rafiki alivunjika mguu mahali pawili. Alhamdulillahi yu hai, lakini hadi leo atembea kwa gongo.

Mama alitujia akilia. "Maalim, ile dua ilikuwa na kasoro gani? Basi tuandikie hirizi tuifunge garini." Tukamjibu, "Dada yangu, dua haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwetu sisi tulioisoma."

Imepokewa na Imam Tirmidhi kwamba mtu alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, iwapo amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi sisi siku ile tulitegemea, na ngamia hakufungwa.

Vijana wetu hatuwalaumu kwa kulipenda gari hili. Safari Rally imekuwa fahari ya nchi yetu tangu mwaka 1953. Katika miaka ya 1990 Mkenya Patrick Njiru alijipatia jina akiendesha Subaru, kisha Colin McRae akashinda kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Baba wengi waliyasimulia hayo, na watoto wakayaweka moyoni. Lakini gari la mashindano hufuatwa na mafundi na vipuri. Gari la kijana wa Umoja au Donholm halifuatwi na yeyote. Msaada wake ni ule uliomo ndani ya buti.

Basi tufungue buti. Kwanza, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, wanazoziita laifseva, pamoja na fulana ya kuakisi na tochi. Gari likikwama, pembetatu iwekwe mbali, hatua 50 au zaidi, ili anayekuja apate nafasi ya kupunguza mwendo. Kisha abiria wote wasimame kando ya barabara, wala si nyuma ya gari. Na hapa tukumbushane: tumefunzwa kwamba imani ina matawi mengi, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Mwenye kuacha mawe na majani barabarani baada ya kutengeneza gari lake amefanya kinyume chake. Pembetatu huondoka na mwenyewe.

Pili, jeki, spana ya magurudumu na gurudumu la akiba lenye upepo. Rimu nyingi za magari haya zina nati za kufuli zizuiazo wizi, na ufunguo wake ni kidude kidogo kama soketi. Kikipotea, au kikisahauliwa kwa fundi, jeki na spana havitasaidia kitu. Gurudumu la akiba likiwa ni lile jembamba, mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa, na ni la kufikishia kwa fundi tu.

Tatu, kipima upepo. Tairi likague pia umri wake. Ubavuni pana tarakimu nne: mbili za juma na mbili za mwaka. Likiandikwa 3216, limetengenezwa juma la 32 la mwaka 2016. Kenya huruhusu kuingizwa magari yenye umri usiozidi miaka minane, hivyo gari laweza kushuka Kilindini na matairi mazee ambayo kwa macho bado yanang'aa. Na kwa kuwa Impreza huvuta kwa magurudumu yote manne, matairi yawe ya kipimo kimoja na yamechakaa kwa kadiri moja. Kuchanganya huumiza mtambo ugawao nguvu.

Nne, galoni dogo la oili ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno na hulainishwa na oili hiyohiyo ya injini. Ikipungua, turbo huwa miongoni mwa vya kwanza kufa. Kijana azoee kuchomoa kijiti cha kupimia kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na baada ya mwendo mkali aiache injini iungurume taratibu dakika moja kabla ya kuizima. Aulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwa injini nyingi za Subaru za namna hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika huiharibu injini yenyewe.

Tano, kizimamoto cha unga kilicho karibu na kiti cha dereva, sanduku la huduma ya kwanza, nyaya za kuamshia betri, kamba ya kuvutia gari na chupa za maji. Lakini kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwani maji yake huruka na kubabua uso.

Jambo jingine la mitaa yetu ni vioo vya pembeni, ambavyo huibwa sana. Vichorwe namba ya gari. Na vikiibwa, msinunue kipuri cha bei ya kutupa kisichojulikana kilikotoka. Huenda kimetoka katika gari la jirani, na anunuaye huku akijua ameshiriki wizi.

Vyombo hivi vyote havizuii mwendo wa kichwa kigumu. Sheria yetu ni kilomita 50 kwa saa mjini. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa gari kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Anayevuka Jogoo Road na mtoto mgongoni hakuombwa idhini ya mbio hizo, na damu yake ni amana mikononi mwa dereva.

Tulikwenda na yule mama kununua vyombo hivyo. Bei yake yote haikufikia bei ya spika. Kijana alizitoa spika mwenyewe, akaziuza, na fedha akampelekea rafikiye kwa matibabu. Tasbihi ameihamishia mfukoni, kwani ilikuwa ikimzuia kuona.

Basi akina mama, mkitualika tena kuombea gari, tutakuja inshaallah. Ila tutaomba buti ifunguliwe kabla ya kuinua mikono. Na pilau ingoje.

Wabillahi tawfiq.