Nani Mwenye Ufunguo wa Kazi Zetu?

MWALIMU mmoja mstaafu, aliyenifundisha darasa la sita, alinijia ofisini mwaka jana akiwa na flashi aliyoifunga katika leso. Ndani yake mlikuwa na kazi yake ya miaka tisa: maelezo ya masomo ya Historia, orodha za wanafunzi na alama zao, na sura kumi na moja za kitabu alichokusudia kukitoa juu ya shule za wilaya yake. Kazi hiyo aliianza mwishoni mwa karne iliyopita, kwa kompyuta ya mezani aliyoazimwa na nduguye, na kwa programu ya kuandikia ambayo kampuni iliyoitengeneza ilikwisha kuitupa. Kompyuta mpya ya mwanawe ilikataa katakata kuyafungua mafaili yale. “Mwanangu,” aliniambia, “karatasi zangu za mwaka 1974 nazisoma mpaka leo. Hizi za juzi hazisomeki. Nimekosea wapi?”

Mwalimu hakukosea popote. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema kwamba kuna programu ambazo humpa mtumiaji chombo, na nyingine ambazo humpangisha chumba.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu rafiki zangu wa maofisini na mashuleni huniuliza mara kwa mara ni programu zipi za kompyuta ya mezani nizipendazo. Mchana kazi yangu ni kuandika. Usiku, kwa mazoea niliyoyapata Chuo Kikuu, hutunga programu ndogo ndogo za kupangia kumbukumbu. Katika kazi zote mbili sitazami kwanza uzuri wa sura ya programu wala umaarufu wake. Hujiuliza hivi: siku mwenye kampuni atakapofunga duka, au atakapopandisha ada, kazi yangu itabaki mikononi mwa nani?

Kwa barua, taarifa, mitihani na majedwali ya hesabu, chaguo langu ni LibreOffice. Asili yake ni ya mbali. Mwaka 1985 kijana wa Kijerumani, Marco Börries, alianzisha kampuni ya programu za kuandikia. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilinunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani, ambayo mwaka uliofuata iliuweka hadharani msimbo wa programu ile, ili yeyote ausome, aurekebishe na augawe. Sun nayo ilimezwa na Oracle mwaka 2010. Watengenezaji wengi hawakumwamini mwenye mali mpya. Septemba mwaka huo huo waliuchukua msimbo, wakaunda taasisi yao, na kuipa programu jina iliyo nalo leo. Hawakumpigia mtu magoti, kwa kuwa leseni yenyewe iliwaruhusu. Mmiliki alibadilika mara mbili, na chombo kikabaki kazini.

La pili ni namna inavyohifadhi kazi. Muundo wa mafaili yake, OpenDocument, ulikubaliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006, na maelezo yake yako wazi kwa kila mtu. Kila faili ni furushi lililobanwa. Ukilifungua kwa programu yoyote ya kufungulia mafurushi, utayakuta maneno yako mle ndani yakisomeka kwa macho, yamezungukwa na alama za mpangilio. Hata kama LibreOffice yenyewe itatoweka, fundi wa kawaida ataweza kuyatoa.

Mafaili ya Mwalimu hayakuwa ya muundo huo. Hata hivyo LibreOffice iliyafungua yote isipokuwa mawili. Wapo wajitoleaji ambao kazi yao ni kuchunguza miundo ya programu zilizokufa na kutunga njia za kuisoma, na tangu mwaka 2014 wana mradi wao uitwao Document Liberation Project. Majedwali ya alama yalivurugika, ikatubidi kuyapanga upya kwa muda wa jioni nne. Zile sura kumi na moja zilitoka nzima.

Yafaa pia tukumbuke kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, likaitwa Jambo OpenOffice. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama lugha yetu ina faida sokoni.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya wataka makuu, na kwamba programu za kulipia ni bora zaidi. Sikatai kwamba kwa hesabu nzito Excel ya Microsoft bado inaishinda Calc ya LibreOffice. Tena wanaweza kunitajia jiji la Munich, ambalo mwaka 2003 liliamua kuhamia Linux na mwaka 2017 likaamua kurudi Windows. Huo ni ukweli, na unafundisha kwamba kuhama bila subira na bila mafunzo ni kujitafutia balaa. Lakini hapo hapo Ujerumani, Aprili 2024, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza kuhamishia LibreOffice kompyuta zipatazo 30,000 za watumishi wake wa umma. Serikali haifanyi hivyo kwa mapenzi ya mambo mapya tu. Oktoba 2019 kampuni ya Adobe iliwatangazia wateja wake wote wa Venezuela kwamba akaunti zao zitafungwa, kwa ajili ya amri ya Rais wa Marekani. Kabla mwezi haujaisha ilipata kibali cha kuendelea nao. Sawa, lakini mchora ramani wa Caracas, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, alikuwa amekwisha kuonyeshwa ufunguo uko mfukoni mwa nani.

Katika kutunga programu hali ni ile ile. Wengi walikipenda kihariri kiitwacho Atom. Wenyewe, GitHub, walikifunga tarehe 15 Desemba 2022. Mimi hutumia Vim, kilichotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar kwa kufuata vi, ambacho Bill Joy alikitunga Berkeley mwaka 1976. Ni kigumu kujifunza, nakiri. Wiki ya kwanza sikujua hata namna ya kutoka ndani yake. Lakini huandika maandishi matupu, ambayo kompyuta yoyote huyasoma. Kina jambo jingine linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Moolenaar hakudai malipo. Aliwaomba watumiaji wasaidie watoto wa Kibaale, Uganda, alikokwenda kujitolea mwaka 1994, na ombi hilo humtokea mtu anapokifungua kihariri kikiwa kitupu. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Januari 2024 wenzake walitoa toleo la 9.1 kwa kumbukumbu yake.

Nimalizie na Git, ambayo ningependa hata makarani waijue. Ndugu msomaji, kama katika kompyuta yako kuna “taarifa ya mwisho”, “taarifa ya mwisho kabisa” na “taarifa ya mwisho kabisa 2”, maneno haya yanakuhusu. Git ni masijala. Kila badiliko huingizwa kwa tarehe, jina la aliyelifanya na sababu yake, na hakuna anayeweza kunyofoa ukurasa katikati ya jalada bila kuonekana. Masijala yote hukaa katika mashine yako, wala haihitaji mtandao. Nayo ilizaliwa kwa kunyang'anywa: tangu mwaka 2002 watengenezaji wa Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, mali ya kampuni, kwa hisani ya bure. Mwaka 2005 hisani hiyo iliondolewa. Aprili mwaka huo Linus Torvalds alikaa chini akaanza kutunga Git, na katika siku chache tu ikawa inahifadhi kumbukumbu zake yenyewe.

Makala hii uisomayo ina maingizo kumi na manne katika masijala hiyo. La tisa laonyesha nilipoifuta aya nzima niliyoiandika kwa hasira juu ya ada za kila mwezi. Bado imo mle, nikiihitaji.