Wito wa Mwalimu na Wajibu wa Mkuu wa Shule

Liko neno linalotukera sisi walimu kila tulisikiapo: kwamba mwalimu wa siku hizi hana wito. Husemwa ofisini, husemwa barazani, na hata wenzetu wa Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, hawakusalimika nalo. Ati mwenye moyo wa kazi angekwisha kurejea kituoni!

Na tutazame anaambiwa arejee wapi. Mji ule ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 ukatekwa na waasi, wakaukalia takriban mwaka mzima, hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa Agosti 2021. Mwalimu aliyepelekwa huko baada ya hayo alikuta watoto waliokimbia, waliofiwa, waliopotewa na miaka ya masomo. Nyumbani wao ni Kimwani au Kimakonde, sokoni Kiswahili, kitabuni Kireno. (Tangu 2003 Msumbiji imeruhusu lugha za wenyeji, Kimwani na Kimakonde zikiwamo, katika madarasa ya mwanzo, lakini mwalimu aliyetoka kusini hatazijua kwa waraka wa wizara.)

Mtu huyo hahitaji hotuba juu ya wito. Anahitaji mkuu wa shule atakayempokea, amtafutie chumba kabla hajamtafutia kosa, ampeleke kwa wazee wa mtaa na kuwaambia: huyu ni wetu. Anahitaji mwenzake mzawa wa kukaa naye jioni wakaandaa somo, mmoja akileta Kireno, mwingine Kimwani. Mkuu ambaye kazi yake ni kukagua daftari la mahudhurio na kuwasoma waliochelewa mbele ya wanafunzi huvunja katika muhula mmoja kilichojengwa chuoni kwa miaka. Wakuu wa namna hiyo tumewaona ng'ambo zote mbili za Ruvuma.

Je, twasema mkuu mwema ni badala ya mshahara? La hasha! Madai ya walimu wa Msumbiji juu ya malipo ya saa za ziada ni ya haki. Lakini hata mkuu asiye na fedha aweza kugawa vipindi kwa uadilifu, kumweleza mwalimu madai yake yamefika wapi, na kumpa ruhusa ya kwenda kuzika bila kumdhalilisha.

Basi wakaguzi watakapouliza tena kwa nini fulani hakurejea Mocímboa, na waulize kwanza ni nani aliyekuwa akimngoja shuleni.